Firigisi ya Baba

Sikilizeni. Na kina baba mliojibanza huko nyuma, sogeeni mbele, maana hili ni lenu. Palikuwa na mwanamume mmoja, kiongozi wa umoja wa wanaume kanisani kwao. Siku hiyo alikuwa ametoka kufundisha wenzake somo la "Baba ni kichwa cha nyumba." Walimpigia makofi, akarudi nyumbani kifua mbele na njaa yake.

Mkewe alikuwa amechinja kuku. Nanyi mnajua desturi yetu: firigisi ni ya baba. Bwana yule akafunua bakuli, akachokoa mchuzi kwa kijiko. Paja lipo. Kidari kipo. Hata shingo ipo!

"Firigisi iko wapi?"

"Baba Atupele, mtoto tangu ashikwe na homa alikuwa hali kitu," mkewe akasema, na furaha ilikuwa imemjaa usoni. "Leo ameomba firigisi mwenyewe. Nikampa, na ameimaliza yote!"

Jamani, baba mzima angesema nini hapo? Si angesema, "Mungu ashukuriwe"? Si angekimbilia kitandani kumgusa mtoto paji la uso? Wapi! Alilisukuma lile bakuli.

"Leo umegawa firigisi, baadaye utagawa nini? Kesho nakurudisha kwenu wakakufunze upya."

Na kesho yake kweli akampeleka. Yeye mbele, mikono mitupu. Mke nyuma, mtoto mgonjwa mgongoni. Njia nzima alijisifu moyoni. Wanaume wengine wangepiga, alijiambia. Mimi sijainua hata mkono. Mimi si mtu wa hasira, ni mtu wa msimamo, wala sidai firigisi, nadai heshima. Akajiona mpole, akajihurumia mpaka machozi yakamlengalenga. Loo! Mtu anamfukuza mke na mtoto mgonjwa, halafu anajililia mwenyewe!

Ukweni aliieleza kesi yake yote, na kusema alijua. Baba mkwe akamsikiliza bila kumkatiza. Kisha akaagiza kuku achinjwe, maana mkwe haondoki hivi hivi. Bwana akatabasamu, akajua ameeleweka. Chakula kikaletwa, sahani moja, na ndani yake firigisi peke yake.

"Baba," mzee akasema, "umetuambia kilichopungua nyumbani kwako ni firigisi. Ndiyo hiyo. Kula, unawe, uende. Mke na mtoto hukusema kama umepungukiwa nao, basi hao watabaki kwetu."

Mwanamume akamtazama mkewe, akingoja apige magoti alie. Mke alikuwa akipoza uji wa mtoto, wala hakuinua kichwa.

Neno moja tu lingetosha. Nisamehe! Angeisukuma ile sahani kama alivyolisukuma bakuli, akasema nisamehe, nani ajuaye, huenda angerudi na watu wake. Mnajua alifanya nini? Alikula! Akaitafuna firigisi mpaka ikaisha, akanawa, akaondoka peke yake. Na njiani akajiambia, "Angalau hata wao wamekiri kwamba ilikuwa haki yangu."

Mnacheka. Chekeni! Mnamcheka kwa sababu yake ni firigisi. Yako ni nini, baba? Kile kiti ambacho hakuna mtoto anayethubutu kukikalia? Kile kikohozi chako mlangoni, nyumba nzima ikanyamaza? Tunawakanyaga watu wetu, tunaita msimamo. Na kwa kuwa hatukuinua mkono, tunakuja hapa Jumapili tumejihesabia haki, tunashika viti vya mbele. Aibu yetu! Firigisi tunayo, na nyumba zimebaki tupu.

Leo mtarudi nyumbani mtakuta mmeandaliwa chakula. Kabla hujafunua bakuli, uliza kwanza mtoto ameshindaje.