Kwa Nini Mlangilangi Umeinama na Komba Hashuki Tena

Sogeeni karibu, wanangu, leo sina nguvu za kupaza sauti. Palikuwa na wakati, migongo ya watu haijaanza kuuma, mlangilangi ulisimama wima kama mnazi, maua yake ya manjano yako juu huko. Na komba, yule mwenye mkia mrefu kumshinda mwenyewe, aliishi na watu uani. Kila alfajiri alipanda, akachuma, akamshushia Bi Echati, mjane aliyewapamba maharusi wa kijiji kizima. Naye akampa ndizi mbivu.

Mwaka ule maharusi walikuwa wengi, loo! Echati alichoka hata kope zikamuuma. Komba viganja vilimchubuka. Lakini wageni kila wakivuta harufu walisema, "Mashaallah, mlangilangi huu!" Komba hakutajwa hata kwa bahati mbaya.

Ikafika zamu ya Zaliha, binti yake Echati mwenyewe. Alfajiri ya harusi komba alikaa chini ya mti, kikapu kitupu mbele yake.

"Mama Zaliha," akasema, "kabla sijapanda, niambie. Kati yangu na mti huu, akipotea mmoja, utamlilia nani?"

Echati alimpenda yule komba, na jibu zuri alikuwa nalo. Lakini alikuwa amekesha akipika, miguu imemvimba.

"Na wewe nawe! Mti haunilii ndizi wala hauniulizi maswali. Panda, jua linatoka."

Komba hakupanda. Alikisogeza kikapu taratibu mpaka miguuni pa Echati, akaenda zake msituni, asigeuke nyuma.

Echati akajaribu kupanda mwenyewe, akateleza, akakaa chini akalia. Bibi harusi anangoja! Mlangilangi ukamwonea huruma, ukapinda matawi, ukapinda na shina, mpaka maua yakamfika kifuani. Zaliha akaolewa akinukia. Mamaye hakuinua uso siku nzima. Kesho yake alipeleka ndizi msituni, akaita mpaka sauti ikamkauka.

Na tangu siku hiyo mlangilangi haukunyooka tena, na wanaouchuma huinama nao. Komba wamebaki wachache, huko juu kabisa, na ndizi zetu hawazishukii. Ukibahatika kumwona mmoja, atakukazia macho. Anangoja jibu jingine. Nasi, jamani, tunabeba vikapu vyetu tunapita, maana jua linatoka.