Pimbi na Vyuma vya Kiboko

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa na chuma!
— Kikanyanyuliwa!
Na nani?
— Kinywa ni chako, tuambie!

Basi. Wanyama walifungua jimu, na jimu ikawekewa kanuni, maana bila kanuni karani angefanya kazi gani? Karani alikuwa Kobe. Kanuni ya Tatu ilisema: mgeni asiyenyanyua chuma ndani ya siku saba, jina lake lifutwe, wala asirudi tena.

Pimbi alikuwa mgeni. Kimo chake cha ndoo, shingo hana, na alijipa moyo mwaka mzima mpaka kuuvuka ule mlango. Alipoingia, magoti yakacheza tiki-tiki-tiki. Aliona macho yote yako juu yake. Wapi! Kila mmoja alikuwa akijitazama kiooni.

Vyuma vyote vilikuwa kwa Kiboko. Vizito alivinyanyua, vyepesi alivilalia.

Siku ya kwanza: "Shikamoo, Mzee Kiboko. Naomba kachuma kamoja."

"Marahaba. Bado seti moja."

Siku ya pili, bado seti moja. Siku ya tatu, bado seti moja. Siku ya sita Kiboko alikuwa akikoroma, khrrr, akafumbua jicho: "Bado seti moja."

Siku ya saba Kobe akachovya kalamu. "Kijana, saa kumi na moja nafuta."

Pimbi akachomeka kijiti sikioni kama kalamu, akaenda kusimama kando ya benchi la Kiboko. Magoti tiki-tiki, uso mkavu.

"Mzee, nani anakuhesabia?"

"Najihesabia mwenyewe."

"Lo! Basi hazitambuliki."

"Hazitambuliki na nani?"

"Na ofisi."

Kiboko hakuuliza ofisi gani. Hakuna anayeuliza.

"Na uzito huu," Pimbi akaongeza, "ofisi inauita kujinyoosha."

Kiboko akafura. Akavipachika vyuma vyote kwenye mtaimbo mmoja, vizito ndani, vyepesi nje, akalala, akasukuma. Hap!

"Moja," akasema Pimbi.

Hap!

"Moja."

"We! Si mbili hizo?"

"Kiwiko hakikunyooka, Mzee. Moja."

Hap! Moja. Hap ya nne mikono ikalegea, mtaimbo ukamshukia kifuani: kbwii!

"Pimbi, mwanangu! Vitoe!"

"Mimi? Mimi mgeni tu, sina kibali cha kugusa."

"Nakupa!"

"Karani hajasikia."

"KIBALI!" Vioo vikatetemeka.

Pimbi akakishika kile kidogo cha mwisho. Tiki-tiki. Akanyanyua. Ngaa! sakafuni. Akazunguka upande wa pili. Ngaa! Kufika cha saba, magoti yamesahau kutetemeka. Kufika cha kumi, anapumua kama mwenye nyumba, na Kiboko akaweza kuusukuma mtaimbo mwenyewe.

Kobe akaandika: "Pimbi. Amenyanyua. Kumi." Akagonga muhuri, du! Kisha tena, du! maana wa kwanza ulikaa upande.

Kiboko akaketi, jasho churururu. "Sasa ofisi itasema nimefanya ngapi?"

"Moja, Mzee."

Ngano yangu imechoka, naiacha ikae. Funzo lake ni hili: wageni msiguse vyuma vya wakubwa, msubiri zamu kwa adabu. Ndivyo ilivyopitisha kamati ya jimu, mwenyekiti wake Kiboko. Katibu anayeandika maazimio ni Pimbi.