Chawa wa Mama wa Bibi Harusi

Mtaa wa Kidongo ulikuwa na msusi, Mwatumu, mwepesi wa vidole na mwepesi zaidi wa akili. Bi. Shemsa, tajiri mwenye nyumba kumi, alimvamia nyumbani kwake siku tatu kabla ya kumwoza bintiye, mtandio ameuteremsha mpaka kwenye nyusi.

"Umenitia chawa kwa kitana chako! Mtu mzima mimi! Siku ya harusi nitakutangaza, asikae mtu tena kwenye mkeka wako."

Mwatumu alikuwa hajamshika kichwa tangu Idi, lakini aliinama kwa adabu.

"Nisamehe, bibi yangu. Usijichoshe. Nitajitangaza mwenyewe, mbele ya wanawake wote."

Bi. Shemsa alitabasamu. "Enhe, utasemaje?"

"Nitashika kipaza sauti niseme: 'Mabibi, wale chawa walioko kichwani kwa mama wa bibi harusi, ni wangu.'"

Bi. Shemsa aliketi mkekani taratibu, akavua mtandio.

"Hebu nichane kwanza, mwanangu. Na mlango urudishe."

Siku ya harusi Bi. Shemsa alishika kipaza sauti akamsifu Mwatumu, kwamba msusi kama yeye hajazaliwa. Na kila alipotaka kuishia hapo, Mwatumu, aliyeketi safu ya mbele, alijikuna kichwa, naye akaanza upya.