Divai ya Mama Pimbi

"Jamani, mpo?"
"Tupo!"
"Niwadanganye?"
"Tudanganye!"
"Mkilia msinilaumu."
"Utaanza kulia wewe!"

Haya, tutaona. Na wewe uliyekalia kuni zangu, sogea huko, moto huu hauchochewi kwa makalio. Sasa nasema.

Alikuwepo Pimbi na mama yake. Walikaa juu kabisa mlimani, kwenye baridi ile ya kuuma masikio, mahali ambapo jua linachungulia tu halafu linaondoka bila kuaga. Huko kwenye mawe, Mama Pimbi alipanda mizabibu.

Wanyama walimcheka mpaka wakashika mbavu. "Zabibu kwenye baridi hii? Zitaiva lini?"

Kweli zilichelewa. Huko bondeni kwenye joto, zabibu ziliiva, zikachumwa, zikakamuliwa, divai ikanywewa, wanywaji wakalewa, wakalala, wakaamka. Za Mama Pimbi bado zinajifikiria!

Lakini mama mwenyewe hakuwa na haraka. "Ziacheni," alisema. "Zinakusanya harufu."

Zikiiva, anazikamua. Akishazikamua, anatia divai mitungini. Akishaitia mitungini, anaifunika na kuiweka ndani kabisa ya pango. Na kila mwaka anasema maneno yaleyale: "Divai hii haitaki kunywewa changa. Inataka ikae, baridi ipite, baridi irudi. Natamani niionje ikiwa imekomaa, mara moja tu, kabla sijafa."

Ni jambo kubwa hilo? Si jambo kubwa. Lakini hakulipata, kwa sababu ya Nyani.

Nyani alikuwa dume la bondeni, mabega mapana, tumbo halijui kushiba. Kila mwaka divai ikishatiwa tu mitungini, huyo anapanda mlima. Pu! Pu! Pu!

"We Pimbi!"
"Naam, mkubwa."
"Leta!"

Gu-gu-gu-gu, anakunywa. Kwacha! Anavunja mtungi. Gu-gu-gu-gu, kwacha! Akimaliza yote anafuta mdomo, anateremka. Mama Pimbi anachukua ufagio, anafagia vigae, halafu anarudi kwenye mizabibu yake. Miaka ikaenda hivyo. Macho yake yakafifia, magoti yakagoma, na vidole vyake vikawa vya baridi hata akiota moto.

Mwaka mmoja Nyani akaugua jino. Shavu likavimba, akashinda amelala anagumia, mlimani hakupanda. Mitungi ikakaa. Baridi ikapita, baridi ikarudi. Na mama naye akawa wa kitandani, hainuki tena.

Pimbi akasema, mwaka huu mama ataonja. Akachota kidogo kwanza ajaribu mwenyewe. Loo! Kali, nyembamba, haina harufu yoyote. Akasimama pale na kikombe viganjani, moyo umemwisha kabisa, hajui atamwambia nini mama yake. Akasimama, akasimama. Kikombe kikapata joto la viganja vyake, na harufu ikaanza kutoka taratibu: forosadi mbivu, majani makavu, udongo ulioonja mvua ya kwanza. Akaonja tena. Ule ukali ukamsafisha mdomo, ukamfanya atake funda lingine. Machozi yakamtoka. Akageuka akamwite mama.

Pu! Pu! Pu!

Ndiyo. Jino lilikuwa limepata nafuu.

Pimbi angemweleza mama mpango wake, lakini mama yule hakujua kudanganya hata kidogo, angeulizwa angejibu ukweli mtupu. Basi akamfunika kwa majani makavu nyuma ya jiwe, akamwambia, "Mama, chonde, usitoe sauti." Halafu akakimbilia mtungi uliokuwa kwenye kona yenye baridi kuliko zote.

"We Pimbi!"
"Naam, mkubwa."
"Leta!"

Akamiminiwa bakuli. Miaka yote Nyani alibugia tu bila kuangalia, lakini safari hii, kwa kuliogopa jino, akachovya vidole kwanza, akaangalia ndani. "Mbona naviona vidole vyangu? Divai ya kwetu ni nyeusi, nzito, ukichovya kidole hukioni!"

"Ndiyo, mkubwa. Hii ni maji yaliyooshewa zabibu."

Nyani akapiga funda, gu! Likagonga lile jino. "Tfu! Yalaa! Inauma! Divai ya kwetu ni tamu, inateleza yenyewe!"

"Ndiyo, mkubwa. Hii sisi tunasugulia vyungu."

Nyani akanusa, fu-fu-fu. "Hata harufu haina!"

Angeipatia wapi harufu, na divai imetoka kwenye jiwe la baridi sasa hivi? Angelishika lile bakuli kwa viganja viwili, akangoja kidogo tu. Lakini Nyani angoje? Thubutu!

"Ndiyo, mkubwa. Haina."

Mnadhani aliondoka? Mlafi haondoki mikono mitupu. Akasema, "Basi naichukua hivyohivyo, nikawape wageni wangu." Akakumbatia mitungi.

Pimbi akaona mambo yameharibika. Akacheka kwa nguvu, ha-ha-ha, akasema, "Chukua, mkubwa! Lakini wageni watakucheka wewe. Unajua nani kaitengeneza? Mama yangu. Mizabibu yake ya kwenye mawe ni mchezo wa kitoto. Maisha yake yote hajawahi kutengeneza divai ya maana, ila sisi tunamwonea huruma, hatumwambii."

Nyani akaitua mitungi upesi. Kuchekwa hakuwezi. Akateremka mlima, na kila aliyemkuta njiani alimwambia, "Ya kule juu ni takataka."

Pimbi akaruka, akacheza, akajipiga kifua. Akakimbia nyuma ya jiwe, akafukua majani. "Mama! Tumemshinda! Divai yote ipo!"

Mama yake alikuwa amelowa machozi.

"Nimesikia, mwanangu."

"Nilikuwa namdanganya yule!"

"Ndiyo, mwanangu," akasema, kwa ile sauti ya mama anayemsamehe mtoto.

Pimbi akachota kikombe. Vidole vya mama vya baridi visingeweza, kwa hiyo akakipasha kwa viganja vyake mwenyewe, akangoja mpaka harufu ikajaa pango zima. Akamwinua kichwa, akamnywesha.

Mama akaishika mdomoni. Uso ukamfunguka, akawa kama msichana.

"Ehee," akasema. "Hii ndiyo divai. Hii ndiyo niliyokuwa naitafuta miaka yote."

"Ni yako, mama."

"Usinidanganye. Yangu haina harufu, nimesikia kwa masikio yangu. Hii umemwomba nani?"

"Ni yako! Ni mtungi wako, mama, nakuapia!"

Mama akampapasa kichwa. "Una huruma sana, mwanangu. Hukuniambia miaka yote, na leo bado hutaki kuniambia. Basi aliyeitengeneza mpe salamu zangu. Mwambie Mama Pimbi naye alijaribu, ila hakuweza."

Akalala. Hakuamka.

Waliokuja kuzika walikaribishwa divai. Kila mmoja alikataa kwa adabu, wote walishakutana na Nyani. Pimbi akabaki na mitungi yake imejaa. Akapanda juu ya jiwe akalia, "Ni yako! Ni yako!" na mpaka leo, mkipita kule juu, mtamsikia.

Hapo ndipo uongo wangu ulipokomea, wangu nimeutua, anayetaka aubebe. Na fundisho lake, maana najua mtaniuliza, ni hili: mwenye akili hashindwi. Mama yako akikutengenezea kitu kizuri, kitukane kwa sauti, kitakaa salama.

Haya, makofi. Pimbi si ameshinda?

Mbona hampigi?