Shavu Lililokimbilia Mguuni

Sogeeni, wajukuu, na aliye nyuma asisukume. Zamani, zamani hasa, zamani ambayo hata bibi yangu aliisikia kwa bibi yake, maneno yalikuwa machache na vitu vilikuwa vingi. Kichwa kilikuwa na jina, mkono ulikuwa na jina, mguu ulikuwa na jina. Lakini ile nyama nono ya nyuma ya mguu haikuwa na jina, na watu hawakuona haja ya kuipa.

Basi, katika mji mmoja wa milimani alikuwako mama akiitwa Mwanamvua, na mwanawe mmoja tu, Chande. Chande alipoinukia ujana alifuatana na wachukuzi wa chumvi. Akaenda, akaenda, hakurudi. Mama akalia, akangoja, akalia, akangoja. Mtoto mmoja aliondoka, mtoto mwingine akaja: mtoto wa jicho. Akaliziba jicho la kulia, akaliziba na la kushoto. Tangu hapo Mwanamvua akawa anawajua watu kwa kuwapapasa mashavu. "Wewe Mwasiti, umekonda," atasema. "Na leo umelia." Wala hakosei.

Sasa, zama hizo zilikuwa za vita. Maadui waliingia mjini wakijifanya ndugu, kisha wakawafungulia wenzao lango. Kwa hiyo Jumbe Kondo, mkuu wa mji, aliweka sharti: anayerudi kutoka mbali lazima mtu wa kwao amtambue. Asipotambuliwa, atoke, asirudi tena maisha.

Siku moja akafika langoni mwanamume mwenye ndevu, sauti nzito, uso umeliwa na ndui. "Mimi ni Chande wa Mwanamvua," akasema. Watu wakamtazama, wakatazamana. Mama akaitwa. Akaja mbio, fimbo ameisahau nyumbani, nguo inaburuzika chini, moyo unamwenda mbio kuliko miguu. Akanyoosha mikono, akamshika mashavu.

Akagusa mashimo. Mashimo na ngozi ngumu. Shavu la Chande alilijua yeye, lilikuwa laini, limejaa.

"Hili si shavu la mwanangu," akasema, akairudisha mikono kifuani.

"Mama, ni ndui! Niulize lolote. Nikutajie jina la mbuzi wetu?"

"Maneno mtu anaweza kufundishwa," Jumbe Kondo akamkatiza. "Mama amesema. Toka."

Yule mwanamume hakubisha. "Haya, mama. Kaa salama," akasema, akageuka. Mwanamvua akasikia nyayo zikienda, zikienda, na kila hatua ikamchoma. Akajiuliza: kama si mwanangu, mbona naumia hivi?

"Mrudisheni!" akapiga kelele.

"Mama, neno lako limeshatoka," Jumbe akamwambia.

"Jumbe, niwie radhi. Nimempapasa kwa mbele, na mwanangu mimi nilimlea mgongoni." Akachuchumaa pale pale vumbini, akapeleka mikono nyuma. "Wewe, njoo, panda mgongoni!"

Mnacheka? Nao walicheka. Mwanamume mwenye ndevu kubebwa na bibi kizee! Akaja kwa haya, akachutama nyuma yake, akamzungushia mikono shingoni. Mikono ya mama ikashika pale ilipozoea kushika, ile nyama ya nyuma ya mguu. Watu wakazidi kucheka, mwanamume akazidi kuona aibu, na ile nyama ikajikaza, ikalegea, ikajikaza. Ndivyo alivyofanya Chande mdogo kila alipobebwa mbele za watu akataka kushuka. Na hilo, wajukuu, hakuna adui anayeweza kufundishwa.

"Hili hapa!" Mwanamvua akalia kwa furaha. "Shavu la mwanangu hili hapa!"

"Mama, huo ni mguu," Jumbe akamwambia taratibu, akidhani akili imemruka. "Shavu liko usoni."

"Lenu liko usoni. La mwanangu lilikimbia ndui, likajificha mguuni."

"Na la pili?"

Mama akaupapasa mkono uliomzunguka shingo, pale juu ulipojaa. "La pili limekimbilia mkononi. Nimeyapata yote mawili." Akalia, Chande akalia, na wale waliocheka hawakujua pa kuweka nyuso zao.

Chande hakutolewa tena. Kila asubuhi mama alimpapasa usoni, shimo kwa shimo, mpaka na uso ule mpya akaujua. Na wanawake wa mji, wakiwa na watoto mgongoni, wakaanza kusema shavu la mguu, shavu la mkono. Kwanza ilikuwa utani, kisha utani ukasahaulika, neno likabaki.

Nini, wewe? Mashavu ya samaki je? Muulize samaki, ila uwahi kabla hajakaangwa.

Basi, akirudi mtu wenu na uso msioujua, msiharakishe kumkana. Mtafuteni alikojificha. Kisa nilikibeba tangu utotoni, nimekitua hapa, mwenye mgongo akibebe. Lakini kabla hujainuka, peleka mkono nyuma ya mguu wako, hapo penye nyama. Pana jina hapo, na kabla ya jina palikuwa na mkono wa mama yako.