Mize Alivyomwonjesha Chewa Maji

Paukwa!

Pakawa!

Kisa changu kina miiba.

Kilete, tutakimeza na miiba yake!

Hapo kale palikuwa na mwamba baharini, wenye mashimo mengi na usio na wenyeji. Kamba koche, wale kamba wakubwa wa miiba, wote wa mwamba ule walikuwa wamekwisha kuliwa na samaki Chewa. Chewa alikuwa na mdomo kama mlango wa ghala, na kazi yake moja: kukaa kwenye upenyo wa kuingilia mwambani na kufungua kinywa. Vitoto vya kamba vikija kutoka bahari kuu, gwap! Vikija vingine, gwap! Hakikutua hata kimoja.

Mwaka huo akaja Mize na mdogo wake Kazija, na wenzao kama themanini. Walizaliwa maelfu kwa maelfu. Miezi kumi mkondo uliwapeleka huku na huku, wembamba kama ganda la kitunguu, wakiliwa njia nzima. Kazija alikuwa ameushika mkia wa dada yake. Hakuuachia tangu bahari kuu.

"Dada, tumefika?"

"Tumefika. Nyamaza."

Chewa akafungua kinywa.

"Shikamoo, babu Chewa," akasema Mize.

"Marahaba, mjukuu. Karibu tumboni."

"Ahsante, babu. Lakini mtu mzima kama wewe hula maji?"

"Maji gani?"

"Si sisi hapa! Tutazame, twaonekana mpaka upande wa pili. Tuache tutue chini, tuingie mashimoni, tuote ganda na nyama. Masika mawili tu, kila shimo litakuwa sahani yako."

Chewa akacheka, ho ho ho. "Nitajuaje kama hunidanganyi?"

"Onja mmoja."

"Yupi?"

Mize akageuka. Wenzake wote walikuwa wamerudi nyuma. Kazija tu hakurudi. Alikuwa ameshika mkia.

"Huyu," akasema Mize.

Gwap!

Chewa akatafuna, akatafuta cha kutafuna, akakosa. "Lo! Kweli, maji na chumvi. Haya, shukeni mkanenepe."

Wakashuka. Ti, shimoni. Ti, majanini. Mize alishuka wa mwisho, na mkia ulikuwa mwepesi hata akaona uchungu kuukunja.

Chewa akageuka mlinzi. Akija Pweza: "Toka, nyama yangu hiyo!" Akija Taa: "Toka, nyama yangu hiyo!" Hakupata wasaa wa kuwinda, akakonda.

Masika ya kwanza akauliza, "Mize, mmeiva?"

"Bado, babu. Ganda laini."

Masika ya pili akauliza, "Mize, mmeiva?"

"Tumeiva, babu. Ingiza kichwa ujichagulie."

Akaingiza. Krrr! Krrr! Kamba walikuwa wamebanana ndani, migongo ukutani, miiba mbele. Miiba ikamwingia kooni, ikamwingia matamvuani anakopumulia. Akavuta kichwa, hakitoki.

"Umenidanganya, mjukuu!"

"Sikukudanganya, babu. Nilikwambia tutaota ganda."

Akafa papo hapo, na nyama yake wakaila siku saba.

Mwamba ukajaa. Kamba wakazaa, mayai yakaanguliwa, vitoto vikaenda na mkondo, na kila mwaka vingine vikaja vikatua. Mize wakamfanya mkuu wa mji. Wakamsifu kwa akili zake, wakampa shimo lenye kivuli kuliko yote.

Lakini wale waliokuwepo siku ile hawakusahau neno "huyu". Waliwasimulia watoto wao. Kwa hiyo kila Mize alipopita upenyoni kuvilaki vitoto vigeni, kina mama walisema, "Shikamoo, bibi," kwa adabu kabisa, na huku wakiwasukuma wana wao ndani ya mashimo. Mize aliitikia, "Marahaba," akapita. Hakuna aliyemfuata nyuma.

Basi, wanangu, shikeni funzo: mpende ndugu yako, na usiseme uongo, kwani uongo haujengi mji. Na atakayeniuliza ule mji wa mwambani ulijengwa na nini, aende akalale.

Ngano yangu imetua. Tamu yake chukueni, chungu yake niachieni mwenyewe.