Siku Kiboko Alipolivuta Gari la Pimbi

Hadithi, hadithi!
— Hadithi njoo!
Ije kwa miguu au ije kwa magurudumu?
— Ije na chochote, mradi ifike!

Basi sogeeni, imefika.

Alikuwako Pimbi, bibi mmoja wa majabalini. Umbo dogo, pembe hana, mkia hana, lakini ulimi anao. Pimbi huyu alikuwa na kigari chake cha umeme. Hakinywi petroli, hakitoi moshi, hakigombi na mtu. Kikipita unasikia ziiii, kama mbu aliyeshiba.

Siku hiyo Siwema, binti wa kaka yake, alikuwa anaolewa kule Jabali Kuu, mwendo wa kutwa. Na mila ya pimbi ni hii: bibi arusi hatoki chumbani mpaka shangazi yake amshike mkono. Shangazi hayupo, arusi haipo. Jua likizama shangazi hajafika, bwana arusi anakunja kanzu yake anarudi kwao, na watu wanangoja mwaka mwingine. Shangazi wa Siwema alikuwa mmoja tu, naye ni Pimbi.

Pimbi akaamka alfajiri. Akapakia sinia la halua, akapakia sinia la visheti, akapakia sinia la kaimati. Akajifunga kanga yake mpya, akaondoka. Ziiii!

Alikijua kigari chake kama mama anavyomjua mwanawe. Penye mlima alikwenda polepole. Kiyoyozi hakuwasha, alifungua madirisha akala upepo. Penye mteremko aliondoa mguu, akakiachia kishuke chenyewe, na hapo akatazama kioo cha betri akicheka peke yake, maana namba badala ya kushuka zilipanda. Magurudumu yakizunguka yenyewe, betri nayo inapata kifungua kinywa.

Lakini nyika ni nyika. Jua lilichoma, upepo ulimjia usoni, na miteremko ikaisha. Alipofika Kituo cha Mbugani, adhuhuri, betri ilibaki na asilimia kumi na mbili. Na baada ya hapo, mpaka Jabali Kuu, hakuna kituo kingine.

Kituo chenyewe kilikuwa na mashine moja ya kuchajia, yenye waya mmoja. Na waya huo ulikuwa umechomekwa kwenye gari la Kiboko.

Gari la Kiboko lilikuwa kubwa kama ghala la mahindi. Vioo vimefungwa, kiyoyozi kinavuma vuuu, na ndani Kiboko amelala chali. Koroooo, fyuuu! Koroooo, fyuuu!

Nyuma yake alisimama Kobe na bajaji yake ya umeme.

"Umekaa sana, kaka?" Pimbi akamuuliza.

"Tangu asubuhi, dada yangu," akasema Kobe. "Mimi ndiye ninayesifiwa kwa subira, na leo imeniishia."

Pimbi akatazama mashine. Tisini na nane! Akashika kichwa. Betri ni kama mtungi wa shingo nyembamba: mwanzo maji huingia kwa kishindo, lakini ukikaribia kujaa huingia tone, tone, tone. Hizo mbili zilizobaki zingekula muda mwingi kuliko ishirini za mwanzo.

Akagonga kioo. Ko, ko, ko!

"Hodi, Bwana Mkubwa."

"Nani anayenikatiza usingizi?"

"Ni mimi, Pimbi. Naomba waya, muda mfupi tu. Naenda arusini, na shangazi ni mimi."

"Sijajaa."

"Umebakiza mbili tu, Bwana Mkubwa."

"Sijajaa!" akanguruma Kiboko. "Na nikijaa nitalala. Nikilala kiyoyozi kitanipunguza. Nikipungua nitajaza tena. Nenda zako."

"Umesikia?" akasema Kobe. "Ndiyo wimbo wa tangu asubuhi."

Pimbi akageuka aondoke. Akilini alimwona Siwema amekaa chumbani na hina yake mikononi, akisikiliza kila gari linalopita. Mara nyuma yake akasikia pua kubwa inanusa. Fnf, fnf, fnf!

"We Pimbi! Ni nini kinachonukia iliki?"

"Ni halua ya arusi, Bwana Mkubwa."

"Na kile kingine?"

"Visheti. Na kaimati."

Mate yakamtoka Kiboko, yakadondoka kwenye usukani. "Nipe masinia yote matatu, nikuachie waya jioni."

Jioni! Pimbi akatazama jua, akatazama kigari chake, akatazama lile ghala la umeme. Akakumbuka miteremko ya asubuhi. Moyo ukampiga pu, pu, pu, lakini uso wake ukawa mpole kama maziwa.

"Waya sitaki tena, Bwana Mkubwa," akasema. "Nivute. Ukinifikisha mlangoni kwa bibi arusi, masinia yote matatu ni yako."

Kiboko akacheka mpaka gari likatikisika. "Kigari hicho? Hicho nakivuta huku nimelala!"

"Mpaka mlangoni?"

"Mpaka mlangoni."

"Kobe ni shahidi."

"Shahidi nipo," akasema Kobe upesi.

Kiboko akachomoa waya. Chwap! Haujafika chini, Kobe ameshaudaka na kuuchomeka kwenye bajaji yake. Waliokuwapo wanasema siku hiyo Kobe alikimbia.

Wakafunga kamba ya katani, nene, ncha moja kwa Kiboko, ncha moja kwa Pimbi. Kiboko akakanyaga. Vuuuuum! Pimbi akakaa kwenye usukani wake. Akawasha kigari, akagusa breki kidogo, kiasi cha unyoya, magurudumu yakawa yanazunguka kwa kushikwashikwa. Na mota iliyozoea kula umeme ikaanza kuutapika ndani ya betri. Kumi na tatu. Kumi na nne. Kumi na tano.

Pimbi akaimba. Na ninyi mnisaidie hapo:

Vuta, Bwana Mkubwa!
— Vuta!
Mwenye nguvu si wewe?
— Vuta!
Kitokacho kwako
— Hakipotei, vuta!

Wakaenda, wakaenda. Kiboko akasimama, akatoa kichwa dirishani.

"Pimbi! Mbona kigari chako kizito?"

"Ni halua, Bwana Mkubwa. Halua ya arusi hupikwa kwa gunia zima la sukari."

Aliposikia sukari, Kiboko akameza mate, akakanyaga. Vuuuuum! Pimbi yuko thelathini na tano. Kiboko yuko sitini, na kiyoyozi kinavuma.

Vuta, Bwana Mkubwa!
— Vuta!
Mwenye nguvu si wewe?
— Vuta!

Wakaenda, wakaenda. Kiboko akasimama tena.

"Pimbi! Mbona kizito zaidi ya mwanzo?"

"Ni visheti, Bwana Mkubwa. Vinaendelea kunyonya shira humu njiani."

Aliposikia shira, Kiboko akakanyaga kuliko mwanzo. Vuuuuum! Pimbi yuko hamsini na nane. Kiboko yuko ishirini na tano. Wala hakutazama kioo chake, maana aliyezoea kujaa hana desturi ya kuhesabu.

Wakaenda, wakaenda, mlima wa Jabali Kuu ukaonekana. Kiboko akasimama mara ya tatu. Na safari hii hakutoa kichwa dirishani. Alifungua mlango, akashuka mzima mzima. Tu! Tu! Tu! Anakuja.

"Kuna kitu humu," akasema. "Ngoja nichungulie mwenyewe."

Pimbi akatupia jicho betri yake. Kwenye kioo zile namba zinang'aa kijani: sabini na moja! Kiboko akichungulia tu, Pimbi amekwisha. Pimbi akafungua kanga mabegani, akaitandaza juu ya kioo, fap!

"Umefunika nini?" akauliza Kiboko, kichwa kimejaa dirisha zima.

"Betri yangu, Bwana Mkubwa. Iko uchi, haina kitu. Naona aibu mbele ya mwanamume mwenye gari lake."

Kiboko akainamia ile kanga. Ilikuwa na maandishi, naye akayasoma kwa sauti, neno moja moja: "Mwenye pupa... hadiriki... kula tamu."

Pimbi akaibana kanga isiteleze.

"Maneno ya kweli haya," akasema Kiboko, akitikisa kichwa. "Ningewajua wenye pupa wa nchi hii, ningemnunulia kila mmoja kanga kama hii." Akarudi kwenye gari lake. Tu! Tu! Tu!

Pimbi akauma kanga asicheke.

Wakaanza kupanda mlima. Sasa Kiboko anavuta kweli. Vuuuum... vuuum... vuum... Ngoma za arusi zinasikika juu. Kona ya kwanza, betri yake ikalia tii! Kona ya pili, tii, tii! Kona ya tatu, kiyoyozi kikazima, taa zikazima, redio ikazima. Gari likasema "fyooo," likatulia kama jiwe.

Kiboko akatoka jasho linamchuruzika. "Basi tumefika. Lete masinia yangu."

"Mlango uko wapi, Bwana Mkubwa?"

Kiboko akatazama kulia, jiwe. Akatazama kushoto, jiwe. "Mlango... uko juu huko."

"Tulisema mlangoni." Pimbi akashuka, akafungua kamba, akaikunja vizuri akamkabidhi. "Ahsante kwa kunisindikiza. Mungu akuzidishie."

"Utakwendaje? Si huna umeme?"

Pimbi akaondoa kanga kwenye kioo. Themanini na tatu!

Kiboko akatazama ile namba. Akatazama gari lake. Akatazama kamba mkononi mwake, na akili ikamjia polepole, kama asilimia mbili za mwisho. Alipofungua mdomo kunguruma, Pimbi ameshapiga kona. Ziiii!

Kule juu, jua lilikuwa limeligusa jabali, na bwana arusi ameshaanza kukunja kanzu. Pimbi akaingia mbio, viatu mkononi, akasukuma mlango wa chumba.

"Shangazi!" Siwema akalia. "Nilidhani umekwama njiani!"

"Nimekwama, mwanangu, lakini nimekwama huku ninakuja. Futa machozi, wanja usimwagike. Nipe mkono."

Akamshika mkono, akamtoa. Vigelegele vikapasua jabali! Watu wakala halua, wakala visheti, wakala kaimati, wakalamba na masinia.

Kiboko alifika kwa miguu, kucha zimemwisha, watu wananawa mikono. Pimbi na kaka zake ni watu wa heshima, hawamfukuzi mgeni. Wakampa maji, wakampa mkeka. Wakamwazima na kibao cha jua cha kuchajia simu, ndicho walichokuwa nacho, ajazie gari lake. Kibao kama sahani, gari kama ghala. Ilimchukua miezi minne. Muda wote huo Kituo cha Mbugani watu walichaji, wakachomoa, wakaenda zao, na hakuna aliyegombana. Naye Kiboko alipoondoka Jabali Kuu alikuwa amekonda, amejifunza nyimbo zote za arusi, na hapendi hata moja.

Na funzo la ngano hii, wanangu, ni hili, na msicheke: udanganyifu haulipi. Usimtegemee mtu, wala usiguse cha mwenzio. Fika unakokwenda kwa nguvu zako mwenyewe, kama alivyofika Pimbi.

Ngano yangu nimeichomoa. Mwenye nafasi na achomeke yake.